Ombi la Siri la Fundi Cherehani

Shoga, kaa chini kwanza.

Leo kabla ya ibada, fundi wetu wa cherehani kamnong'oneza mama kiongozi wa maombi: "Niombee, kesho natoa ushahidi dhidi ya genge lililochoma soko. Ni siri."

Siri! Kiongozi kashika kipaza sauti: "Bwana, mlinde fundi wetu, kesho anamtaja mkubwa wa genge mahakamani!"

Kipaza sauti, shoga!

Na aliyeitikia "Amina" kutushinda wote ni mama mzazi wa huyo mkubwa. Kamfuata fundi mlangoni, kamshika mkono: "Mwanangu, bado unakaa nyuma ya shule?"

Fundi hakurudi kwake tena. Yuko chumbani kwangu, ukisoma, futa.

Sasa hivi kiongozi kapiga simu, eti fundi kajificha wapi, wamwombee vizuri.

Nimemjibu: omba tu, Mungu anajua alipo.