Lugha Safi Uliyonivika Shingoni

Baba,

Shikamoo. Ndiyo, nakusalimia kwa Kiswahili, na safari hii huna namna ya kunivika kile kibao cha mbao. Shuleni ulikofundisha uliwavika shingoni watoto wa wenzako, kila uliyemkamata akisema lugha ya kwao. Mimi binti yako ulinivika hata nyumbani, mezani, kwa kuomba chumvi kwa Kiswahili.

Nimeolewa! Naliandika neno hilo kwa furaha, na bado nimekukasirikia. Amenioa Jaswinder, Kalasinga wa Nairobi, kondakta wa basi la Soho Road hapa Birmingham. Siku tuliyokutana mtu alinikanyaga mguu, nikamtukana kimoyomoyo kwa Kiswahili, kumbe nimetoa sauti. Jaswinder akainama na mashine yake ya tikiti: "Dada, matusi hayo ni ya kwetu kabisa." Nilicheka mpaka nikapitiliza kituo. Baba, ana macho... Hukutaka kusikia habari zake ulipokuwa hai. Utazisikia sasa.

"Kiswahili ni mchanganyiko wa sokoni," ulikuwa ukisema. "Kiingereza ni lugha safi." Nilipokuandikia kwamba tumechumbiana, ukajibu kwa neno lile lile: hutaki mchanganyiko katika damu yako, na nikiolewa naye nisikanyage kaburini kwako. Kisha ukafa. Hata nafasi ya kukujibu hukuniachia.

Sasa nakujibu. Nilikuja huku kusomea uuguzi na Kiingereza chako safi, zile "verily", yaani hakika, na "yonder", yaani kule, za Biblia ya kale ulizonikaririsha. Siku moja nikamwelekeza mgonjwa kwamba choo kiko "yonder". Wodi nzima ya kina mama ikaangua kicheko. "Mpenzi, umemmeza mhubiri?" akauliza bibi mmoja. Maneno yako hayo, Waingereza wenyewe walishayaacha zamani! Nikaenda maktaba na hasira zangu kutafuta yalikotoka. Unajua nilikuta nini? Jina lao la yai lililetwa na wavamizi wa kaskazini. Nyama ya ng'ombe ikifika mezani wanaiita kwa neno la Kifaransa. Sukari yao ni hii hii yetu, wao na sisi tuliipata kwa Waarabu. Nilipomsomea Jaswinder akajipiga kifua: "Na pajama je? Bibi, hata nguo za kulalia tuliwapa sisi Wahindi!"

Lugha safi! Kwa uongo huo ulinivika kibao. Kwa uongo huo ulininyima baraka zako.

Kuna neno lako moja tu nililolipenda: "troth", ahadi ya uaminifu ya maarusi. Ulikuwa ukilitamka polepole, ukimtazama Mama. Katika ofisi tulikofungia ndoa hakuna aliyelitaja. Basi nililisema mwenyewe jikoni kwetu Handsworth, kitunguu mkononi, nikamweleza Jaswinder maana yake kwa Kiswahili, naye akalia na kusingizia kitunguu. Ulikuwa mtu wa kwanza niliyetaka kumsimulia, nawe ulishaondoka. Hilo ndilo nisilokusamehe.

Lala, Baba, kama unaweza. Amri yako sitaitii. Tukipata nauli tutakuja wawili, tusimame kaburini kwako, mimi na mchanganyiko wangu. Nitakupa shikamoo kwa sauti, majirani wote wasikie. Na kwa kuwa hutaitika, nitajiitikia marahaba mimi mwenyewe, polepole, kwa sauti yako.

Binti yako,
Mke wa Jaswinder