Damu Yako Imelala Tu

Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha upasuaji. Zuhura wetu wamemwingiza sasa hivi. Karatasi nimeiweka gotini, utanisamehe mwandiko.

Niko eda, sitakiwi kutoka nyumbani, lakini mwalimu wa msikiti alisema, "Mtoto kwanza, mama." Nimevaa koti lako la safari za Nanyuki. Bado linanuka mbuzi. Baridi ya Nyeri unaijua.

Unakumbuka ile siku ulimtolea Zuhura damu? Ulirudi Majengo umejishika mkono kama shujaa, ukasema, "Nimewaachia chupa moja, wameiweka kwa friji kama soda." Ukataka chai ya maziwa matupu. Halafu mtoto akashikwa na homa, wakasema upasuaji ungoje. Tukangoja. Homa haijaisha, lori la mbuzi likapinduka na wewe ndani. Tukakuzika jioni ile ile.

Chupa ikabaki.

Juzi sista wa wodi aliniambia ati damu haikai zaidi ya wiki tatu, ikipita inamwagwa, na yako imebakisha siku chache. Ndiyo sababu wamefanya haraka. Niliogopa pande zote mbili. Niliogopa imwagwe, maana mwingine wa kundi lenu la damu hatujampata. Tena niliogopa aongezewe hiyo. Mwenyewe uko kaburini, damu itakuwa nzima namna gani? Mimi najua maharagwe yakilala, asubuhi yana povu. Nikauliza, "Sista, hiyo damu si imelala?"

Akacheka, akanishika bega. "Si githeri ya mahindi na maharagwe, mama. Imetiwa dawa isigande, na baridi inaitunza. Haijaharibika. Imelala tu."

Nikakaa chini pale pale. Kila alfajiri nikikuvuta blanketi uende kuswali, ulikuwa unanung'unika, "Sijafa, Mama Zuhura, nimelala tu."

Leo wamepita na ile chupa mbele yangu, imefunikwa kitambaa. Nilitaka kuigusa, nikaogopa. Nikasema kwa moyo tu: amka, baba, kumekucha, mtoto anakungoja.

Bado hawajatoka. Mlango ukilia, nainuka.

Wewe pumzika, Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi, akitoka nitamwambia ni nani alikuwa naye mle ndani. Na asipotoka... hapana, hilo siliandiki.

Ni mimi, wa kukuamsha,
Mama Zuhura