Nimuuze Punda Anayempeleka Mke Wangu Mahame?

Mpendwa Mama Bernadetha,

Shikamoo mama, na pole na kazi ya kusoma shida za watu. Naomba unijibu kabla ya mnada wa mwisho wa mwezi, maana nimeagizwa nimpeleke punda wetu akauzwe, na mimi sijui kama nitakuwa nimeuza punda au nimemmaliza mke wangu.

Mimi ni mkulima wa Itiryo, Tarime, tena balozi wa nyumba kumi katika kijiji chetu kipya cha ujamaa, tulihamishiwa hapa mwaka jana wakati wa Operesheni, na muda mfupi kabla ya kuhama binti yetu Waisiko alifariki kwa surua, tukamzika nyuma ya nyumba, na kabla matanga hayajapoa lori likaja, tukapakia milango, vyungu na kuku, tukaondoka. Tangu siku hiyo mke wangu Boke alinyamaza. Ukimsemesha anakuangalia tu, chakula anapika lakini hali, mama yangu alimletea dawa, wanawake wa kanisani walikuja wakaomba, mimi nami nilimkaripia, nasema ukweli, nikidhani atashtuka, wapi!

Sasa huyo punda. Kila akifunguliwa asubuhi anageuka na kushika njia ya mahame, kule tulikohama, akifika anasimama pale pale tulipokuwa tukimfunga zamani. Boke ndiye aliyetumwa kumrudisha, na kwa kuwa punda akikataa kuondoka huwezi kumbeba, akawa anamngoja, na katika kumngoja akaanza kumtoa kupe masikioni, akawa anamsugua mgongo kwa gunzi la mahindi. Jirani yetu Agustina, aliyekwenda kuchuma mboga huko, alimkuta ameegemeza paji la uso kwenye shingo ya punda anamsimulia habari za mtoto, na punda amesimama kimya, masikio yote yamemwelekea, na alipomaliza wakarudi wote wawili bila kamba. Mama, mke wangu sasa anakula! Juzi alimtania mama yangu, tukacheka nyumba nzima. Nilipomuuliza mnyama huyu anakupa nini tusichoweza kukupa sisi, alinijibu, "Yeye hanihimizi." Namheshimu yule punda kuliko watu wengi ninaowajua, hata naona aibu kuandika.

Tatizo ni mwenyekiti wetu, Mzee Nyangwine. Aliniita akaniambia, "Balozi, mke wako kila siku anarudi mahame. Kesho jirani naye atarudi, keshokutwa nitabaki na kijiji cha nani? Uza huyo punda." Na wenzangu kilabuni wanasema Boke amepata mume mwingine mwenye masikio marefu.

Nimuuze, nimfunge, au nifanyeje?

Balozi mwenye mawazo, Itiryo

*

Balozi, mwanangu,

Marahaba. Pole sana kwa msiba. Nakupa pole wewe mwenyewe, kwa sababu nina hakika wengi hawakukupa: watu wote walimwendea mkeo, wewe ukaachiwa lori.

Usithubutu kumuuza huyo punda. Mimi nimezaliwa Machochwe, nimekua nikitembea nyuma ya punda wa mama yangu kwenda mtoni, nawajua. Ukimwendea na hasira anagoma, ukitulia naye anatulia. Hana papara wala umbea, wala hamwambii mfiwa ajikaze, atapata mtoto mwingine. Mtu aliyeumia moyoni akikaa na mnyama wa namna hiyo, akimsugua na kumchambua kupe, mikono inapata kazi, pumzi inashuka, na maneno yaliyokwama yanaanza kutoka. Wewe ulimkaripia mfiwa, punda akamsubiri. Sasa niambie, mwenye akili kati yenu ni nani?

Wa kilabuni waache wacheke, pombe ikiisha watakwenda kulala. Mwenyekiti si mtu mbaya, anaogopa kijiji kisimsambaratikie mikononi, kwa hiyo mtoe hofu. Nenda kwake mapema, mweleze kwamba mkeo hajahama, anazuru kaburi la mwanawe, na akirudi anashika jembe shamba la kijiji kama wengine. Kisha mwahidi kwamba huyo punda atawabebea wazee mahindi kwenda mashineni. Akianza kuona mahindi ya mama yake mwenyewe yanarudi unga bila mtu kuumia shingo, habari za mnada atazisahau.

Lakini barua yako nimeisoma tena, na kuna jambo limenikera. Umenieleza habari za punda, za mwenyekiti, za mama yako, mpaka za walevi. Hukuandika mahali popote kwamba wewe mwenyewe umekanyaga mahame tangu lori lile liondoke. Kaburi lile ni la mwanao pia. Unamwonea gere punda kwa kazi uliyomwachia wewe.

Basi kesho asubuhi, punda akifunguliwa, ondoka nao. Usishike kamba, usitangulie, wala usimuulize Boke mtarudi saa ngapi. Mkifika, okota gunzi usugue upande wa pili wa mgongo. Mkeo akisimulia habari za Waisiko, sikiliza, na wewe ukikumbuka lolote juu ya mtoto, liseme. Machozi yakija, yaache. Hutakuwa wa kwanza kulia mbele ya huyo punda.