Kijiti Kilichotukanwa Kariakoo

Shangazi Mwanaidi, shikamoo,

Huku jua linanata mwilini kama uji. Leo asubuhi hapa Kariakoo nimekutana na majirani zako: vile vijiti vikavu vilivyojikunja kwenye mwamba nyuma ya banda lako la mbuzi! Muuza dawa kavitandaza kwenye turubai, anatangaza na spika: "Kiweke kwenye maji, kiombee, kikigeuka kijani mume karudi!"

Nikashindwa kunyamaza. "Kaka, hicho hakihitaji dua. Ukame ukija kinajikunja kinalala, kikionja maji kinaamka."

"Dada, usiniharibie biashara. Haya, tupime!"

Tukaleta glasi mbili za maji. Yeye akakiombea chake mpaka machozi yakamtoka. Changu nikakitukana: mvivu, mchawi, mwizi wa umande we! Nikaenda zangu kula wali maharage. Niliporudi saa kumi vyote viwili vilikuwa vimekunjua majani, kijani kibichi.

Nikajua nimeshinda. Thubutu! Akina mama walikuwa wanagombea kile changu: "Hiki cha matusi ndicho chenye nguvu!" Muuzaji kaniomba kesho nikamtukanie gunia zima.

Kwa hiyo, shangazi, kile kilima cha nyuma ya banda, chenye vijiti hivyo, unachosema kimekufa na unataka kukichoma moto, kiache. Hakijafa, kimenuna tu. Mvua ikizidi kuchelewa, panda juu ukakitukane. Kipaji hiki sikukiokota Dar, nimekirithi kwako.

Nisalimie mbuzi,
Zaituni wako