Meli Iliyoitwa Nekesa

Mpendwa Mama,

Kifua kimeachilia? Na baridi ya huko kwetu Munyaka bado inakuruhusu kuamka mapema kukamua? Mimi hapa Mombasa ni mzima. Ukiona nimeandika mbio, usidhani nina haraka. Ni furaha.

Unajua bado niko kwa majaribio ya ukarani katika kampuni ya meli. Wiki hii jeshi la majini limechukua kwa muda meli ya kampuni yetu, Tumaini, ipeleke chakula kule barabara zimekatwa na mafuriko. Nilitumwa kumhudumia afande wa jeshi hilo aliyekuja kuipokea, na bosi akanionya: "Kosa moja, kijana, unarudi kwenu mahindini." Sikulala vizuri.

Afande alinieleza kwamba meli ya raia ikiingia jeshini haiulizwi ilikuwa nini, inaulizwa itafanya nini. Yetu ilikuwa ya abiria, sasa imewekwa kwa kundi la meli za kubeba vyakula, na herufi na nambari za kundi hilo zikachorwa ubavuni. Jina huwa halibadilishwi, ila jeshi tayari lina Tumaini nyingine.

"Mbili za jina moja haziwezekani," alisema.

Mdomo ukanitangulia. "Ni kama ng'ombe, afande. Tulinunua mmoja aitwaye Malaika pale soko la Ziwa, na tayari tuna Malaika mwingine nyumbani. Mama akiita mmoja, wanakuja wote."

Bosi alifumba macho. Nikajua nimekwisha.

Afande akacheka mpaka akavua kofia. "Na huyo mama anaitwaje?"

"Nekesa. Kwetu ni msichana aliyezaliwa wakati wa mavuno."

"Na meli inabeba mahindi! Basi iitwe hivyo. Mzee, una pingamizi?"

Bosi akafumbua jicho moja. "Sina, afande."

Mama, wameliandika jina lako kwa rangi nyeupe! Ikirudi kwetu itakuwa Tumaini tena, lakini kwa sasa ni Nekesa. Magunia mengine yametoka upande wetu, Moi's Bridge. Yalipokuwa yakipakiwa, kapteni alinipigia kelele, "Karani, mama yako anakula sana!" Bosi naye akanishika bega: "Jumatatu lete picha ya kitambulisho. Umeajiriwa."

Ilipong'oa nanga, watu wote gatini waliita, "Nekesa!" Mimi peke yangu niliita, "Mama!"

Nisalimie dada aliyenilipia masomo, na Mchungaji kwa maombi yake. Na umwambie Kukhu, nyanya yangu aliyekupa jina hilo, kwamba limeingia jeshini na bado halijaogopa. Nami najifunza kutoogopa.

Mwanao akupendaye,
Wafula