Majani ya Chini ya Kitanda

Koko wangu,

Goti limeamkaje leo? Mimi hapa Kisangani nacheka peke yangu kama mlevi.

Ulisema majani ya mpera unayojikandia niyakaushe kivulini. Mimi, mjukuu wako msomi, nikayaanika juu ya bati kwenye jua kali ili yakauke haraka. Maabarani tuna maji ya zambarau: ukiyatia majani yaliyo bado na flavonoidi za kutosha, zile kemikali zinazodhaniwa kutuliza uvimbe, zambarau hufifia na kuwa njano. Nilipima mara tatu. Haikufifia. Nilibakiwa na juma moja tu kabla ya safari ya kuja kwako, nikajiona nakuja kukuambia kwamba jani lako ni bure.

Mama Feza, mwenye nyumba ninamolala, alinikuta nimeinamia sahani ya lituma, ndizi zake za kutwanga, bila kula. Akatazama bati, akacheka hadi akashika kiuno.

"We mutoto, hii majani iko dawa ao iko kuni? Bon, tafuta ingine, weka chini ya kitanda!"

Niliyalalia siku tano. Leo asubuhi zambarau imegeuka njano mbele ya macho yangu! Nikamrukia mzee mlinzi wa maabara kwa furaha, glavu mikononi, chupa ya maji yale bado nimeishika.

"Mademoiselle, chupa! Chupa kwanza!"

Chupa si goti, Koko, kwa hiyo vidonge vya hospitali usiviache. Ila nikifika Bukavu unicheke kwanza, kisha unyooshe mguu nikukande mwenyewe.

Mjukuu wako mbishi,
Neema