Sikio Kwenye Fremu ya Saba

Jumatatu, 3 Machi
Kazi imeingia! Nitengeneze fremu tisa za picha, maonyesho ni Ijumaa. Mchoraji huketi na watu waliovamiwa. Wanamsimulia sura ya mvamizi, naye anachora, wanamsahihisha mpaka wenyewe watetemeke. Nikamuuliza, sanaa ya kutisha watu ya nini? Akasema habari za uhalifu watu huzisoma huku wanakunywa chai. Sura ikikutazama, chai haipiti. Nimemwalika Mama, aje aone kazi ya binti yake ukutani.

Jumanne, 4 Machi
Picha ya saba. Nimekaa chini kwenye vumbi la mbao. Ni mdogo wangu.
Macho yangeweza kuwa ya yeyote. Lakini sikio la kushoto limekatika ncha, pale pale lilipochanwa na waya wa uzio, siku niliyoambiwa nimwangalie nikaenda kucheza.
Nyuma pameandikwa: muuguzi, alichomwa kisu akitoka zamu. Vidole vya mkono wa kulia havikunjiki tena.
Mdogo wangu! Jumapili tu alimletea Mama miwani mpya.

Jumatano, 5 Machi
Nimefanya ujinga. Ile karatasi ngumu inayozunguka picha ndani ya fremu, nimeikata pana upande mmoja. Sikio halionekani. Damu nzito kuliko maji, nimejiambia. Lakini mstari umepinda, mimi ambaye sijawahi kupinda mstari.

Alhamisi, 6 Machi
Mchoraji ameona papo hapo. Hakufoka. Alisema muuguzi hakumbuki hata shati, anakumbuka sikio tu, analiota. Ukilifunika, umemfanya mwongo.
Nimekata upya. Simu ya mdogo wangu imezimwa, nimepiga mara sita. Nimemwambia Mama asije, mvua itanyesha. Akacheka: kwani mimi chumvi, niyeyuke?

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimesimama, kona ya ukumbi. Mama kavaa gauni lake la harusi za watu. Anapapasa fremu moja moja, anawaambia wageni ni mimi niliyezitengeneza. Naona aibu, naogopa, siwezi kumvuta mkono. Yuko kwenye ya tano.
Kando ya ya saba kasimama mwanamke, ameshika glasi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umelala tu ubavuni.
Ya sita.
Mama amefika. Kidole chake kiko juu ya kioo, kwenye sikio. Yule mwanamke amemsogelea, anamuuliza kwa upole, "Na wewe alikuvamia, mama?"
Mama amevua miwani. Anaifuta kwa pindo la gauni, anaifuta, haivai —